Nani Alilegeza Nati ya Kizito

Jumanne, saa tatu na dakika ishirini na tano asubuhi, wakulima wa mpunga karibu na Luvungi waliona gari jekundu likitoka upande wa Uvira kwa mwendo ambao barabara ile haiuruhusu. Waliona moshi chini ya kapo, kifuniko cha injini, kisha moto. Gari liliyumba, likawakosa wanaume wawili wa baiskeli, likaingia kwenye mfereji mkavu.

Watu wa tambarare ya Ruzizi wanajua moto wa petroli unafanya nini. Wengi walikimbia mbali. Wanne walikimbilia gari, wakamvuta dereva kupitia mlango wa nyuma, kisha wakarusha udongo kwa majembe mpaka moto ukafa. Maji hawakutumia hata tone.

Dereva alikuwa Kizito, mfanyabiashara wa Nyamianda. Alikuwa hai, lakini mikono, kifua na uso viliungua. Hospitalini Uvira daktari alisema hawezi kuahidi kitu.

Saa sita mchana siku hiyo hiyo polisi walimkamata Bonaventure, fundi wa miaka thelathini aliyemaliza kazi kwenye gari lile jioni iliyotangulia. Sheria ilimpa ofisa wa upelelezi saa arobaini na nane. Ikifika Alhamisi saa sita bila jina lingine, Bonaventure angepelekwa Parke, ofisi ya mwendesha mashtaka, na huko mtu anaweza kusubiri hakimu mwaka mzima. Hayo ndiyo yalikuwa mema. Mabaya yalikaa mbele ya lango la polisi: ndugu watatu wa Kizito, chini ya ukuta, na bidoni ya petroli katikati yao. Hawakumtishia mtu. Walikaa tu.

Faili lilikuwa la Jean-Marie Irankunda, ofisa wa upelelezi, au OPJ kama wanavyoitwa pale, mwenye miaka hamsini na tumbo bovu. Kesi ya haraka ilimkosesha chakula. Siku hiyo hakula.

Alipomuuliza Bonaventure alilifanyia nini gari lile, kijana alieleza polepole, kama anayehesabu maneno. Gari lilikuwa la turbo. Mwaka jana Kizito aliweka turbo kubwa zaidi na kuacha vingine vyote vilivyokuwa. Akikanyaga mpaka mwisho, injini ililia kama mawe ndani ya kopo. Hewa ilikuja nyingi, petroli haikufuata, na injini ya namna hiyo hutoboa pistoni. Kwa hiyo Bonaventure alibadilisha pampu ndani ya tangi, akaweka enjekta nne zinazotoa petroli zaidi, akatoa bomba la mpira na kuweka lililosukwa kwa chuma, kisha akafunga kidhibiti kinachopandisha presha ya petroli kila turbo inaposukuma.

"Bomba hilo linaungana wapi?"

"Nyuma ya injini, shefu. Iko nati moja. Minye mwenyewe niliikaza."

"Halafu nani aliigusa?"

"Hakuna muntu."

"Hata mmoja?"

"Ile kazi ni yangu. Hakuna muntu mwingine."

Irankunda aliandika jibu, Bonaventure akatia sahihi. Aliongeza kwamba Jumatatu saa kumi na moja jioni walilijaribu gari mpaka Kavimvira na kurudi, Kizito mwenyewe akikanyaga. Walipofungua kapo, kila kiungo kilikuwa kikavu. Noella, mke wa Kizito, alithibitisha. Alisema pia kwamba gari lililala ndani ya lango lililofungwa, na ufunguo wake mumewe aliulalia.

Alasiri mji mzima ulikuwa umeshapata mkosaji wa pili. Havyarimana ni kadhafi, muuza petroli ya bidoni kando ya barabara, na Kizito alijaza kwake Jumanne saa mbili na dakika tano. Watu walisema anachanganya petroli na mafuta ya taa. Irankunda alidondosha petroli yake juu ya karatasi, akangoja ikauke. Haikuacha doa. Havyarimana alimtazama kwa dharau.

"Shefu, ile asubuhi niliuzia hata jeep yenu ya polisi. Kwa bidoni ile ile. Ilishika moto?"

Haikushika. Irankunda alikuja nayo.

Jumatano saa mbili asubuhi alikuwa Luvungi, amepiga magoti kwenye mfereji. Sehemu ya juu ya injini ilikuwa majivu. Bomba la chuma lilikuwa jeusi lakini zima. Alipenyeza mkono nyuma ya injini akaipata nati. Iligeuka kwa vidole viwili. Hiyo ilikuwa hukumu ya Bonaventure: alisahau kukaza.

Aliifungua mpaka mwisho. Ndani ya mizunguko ya nati kulikuwa na kitu cheupe, kimeganda. Polisi wa Luvungi aliyekuwa pembeni alisema ni unga wa kuzimia moto. Irankunda alikikwangua kwa njiti ya kiberiti, akakifunga kwenye karatasi, akapanda pikipiki kurudi Uvira. Baada ya kilomita tatu alimwambia dereva ageuze.

Wakulima walicheka alipowauliza juu ya mashine ya kuzimia moto.

"Papa, tungekuwa na mashine, majembe yetu yangeungua mipini?" mmoja alimjibu, akamwonyesha mpini mweusi.

Aliomba maji kidogo kwenye kikombe. Aliweka kile cheupe kwenye kiganja, akasugua. Kilitoa povu.

Sabuni. Irankunda aliijua hila hiyo tangu utoto. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na tangi likivuja fundi aliziba kwa kipande cha sabuni, maana petroli haiyeyushi sabuni. Mtu aliyesahau kukaza nati haweki sabuni. Anayeweka sabuni anajua nati imelegea, na anataka isivuje sasa. Anataka ivuje baadaye.

Ilibaki kujua lini. Jumatatu jioni kiungo kilikuwa kikavu, na Kizito alikanyaga mpaka mwisho. Usiku lango lilifungwa. Jumanne saa mbili na robo gari liliondoka mjini. Kabla ya hapo lilisimama mahali pawili: kwa Havyarimana, ambako kapo haikufunguliwa, na kwenye mto Mulongwe, ambako magari huoshwa.

Spès, mwanamke mwenye sauti kubwa, ndiye mwenye kazi ya kuosha magari pale mtoni. Alimjibu Irankunda bila kuacha kusugua gurudumu. Ndiyo, Kizito alifika saa moja na robo. Ndiyo, kapo ilifunguliwa. Papa Nzeyimana, mwenye gereji ile ya mabati hapo juu, alishuka kupitisha mkono.

"Kupitisha mkono ni nini?"

"Weye uko OPJ na haujue? Mwanafunzi akimaliza kazi kubwa, mwalimu anapitisha mkono juu yake. Anagusa kila nati. Bila hiyo kazi haijaisha. Bona mwenyewe alimutuma Kizito kwa mzee."

Irankunda aliuliza mzee alikaa muda gani. Spès alisema dakika kumi hivi, Kizito akiwa mbali na simu yake. Halafu akalalamika, kama anayelalamika kila siku, kwamba mafundi wote wa mtoni wanamalizia sabuni yake ya unga bila hata kusema asante.

"Ila siku ile mzee hakuniomba. Alishuka kwenye maji, akanawa, mikono ikajaa povu tu. Nikasema leo Mungu amemupa sabuni yake."

Irankunda alirudi kasho, chumba cha mahabusu, saa kumi jioni. Bonaventure alisimama alipomwona, kisha akakaa tena.

"Uliniambia hakuna mtu aliyegusa."

"Hakuna, shefu."

"Na Papa Nzeyimana?"

Kijana alisema Papa Nzeyimana si mtu mwingine. Mzee alimchukua yeye akiwa na miaka kumi na mitatu, akamlisha, akamfundisha. Mkono wake na mkono wa mzee ni mmoja. Irankunda alimweleza habari ya sabuni, neno kwa neno, na alimwona akielewa. Uso wote ulimlegea.

"Usiandike ile, shefu."

"Kesho saa sita unakwenda Parke. Ukitoka hapo nje, wale watatu watakuona."

"Nimesikia. Usiandike."

Irankunda alilala vibaya. Povu lilisemwa na Spès peke yake, na Parke ingelicheka. Mbele yake kulikuwa na PV, karatasi ya maelezo, yenye sahihi ya Bonaventure: hakuna muntu mwingine. Kijana alikuwa amejifunga kwa mkono wake mwenyewe.

Alhamisi saa tatu asubuhi hospitali ilituma habari kwamba Kizito amepandwa na homa na hamtambui mkewe. Ndugu watatu langoni walikuwa wameshaisikia. Mmoja wao alikuwa amesimama sasa.

Saa nne na nusu Irankunda alimtoa Bonaventure kwa mlango wa nyuma, mikono ndani ya pingu, akaenda naye Mulongwe. Nzeyimana alikuwa ameketi mbele ya gereji yake akisafisha kabureta kwa mswaki, mzee wa miaka sitini na tatu, safi, kofia kichwani. Alitazama pingu, kisha akaendelea kusafisha.

Irankunda alimuuliza kama alipitisha mkono kwenye gari la Kizito. Mzee alikubali. Je, alilegeza nati? Mzee alicheka kidogo.

"Huyu mwana mwenyewe amesema hakuna aliyegusa. Mji muzima unajua. Uko na sahihi yake."

"Ninayo. Na ndani ya nati kulikuwa na sabuni ya kipande. Spès anaosha kwa unga. Wewe ulinawa mtoni povu likatoka, na unga wake hukumwomba."

"Kila fundi iko na kipande cha sabuni."

"Hapana. Bona hana. Nilipekua gereji yake kisanduku kwa kisanduku. Magari yake ni ya enjekta, na kwa enjekta hakuna anayeziba kwa sabuni. Anayeziba kwa sabuni alijifunza kwenye kabureta."

Nzeyimana aliitazama kabureta iliyokuwa mkononi mwake, akaiweka chini. Bonaventure alizungumza kwa sauti ya chini.

"Papa, Kizito hamujue tena bibi yake."

Mzee alivua kofia. Ndipo alipoanza kusema, na hakusimama mpaka mwisho. Miaka sita gari lile lilikuwa mikononi mwake. Alimwonya Kizito asiguse turbo. Kizito alimcheka mbele ya watu wote wa mtoni, akamwambia yeye ni fundi wa lori kuukuu za pamba, akapeleka gari kwa mwanafunzi. Kisha akarudi nalo kuoshwa, linang'aa, akamwambia apitishe mkono, kama mtu anayemtupia mbwa mfupa. Hakutaka kumwua. Alitaka gari lizime huko tambarare, lirudi likivutwa kwa kamba, watu waone kazi ya vijana. Alilegeza nati mzunguko mmoja na nusu, akaipaka sabuni. Sabuni ingelika kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara, petroli ingedondoka, injini ingekosa nguvu na kufa.

"Miaka makumi ine nimeona vile," alisema. "Inadondoka. Haishike moto. Inadondoka tu."

"Haikudondoka, Papa," Bonaventure alisema. "Mjini alienda polepole, sabuni ikashika. Kule barabara imenyooka alikanyaga, turbo ikasukuma, presha ikapanda. Iliruka kama maji ya bomba, juu ya turbo yenyewe, na ile chuma inakuwa nyekundu."

"Presha ngapi?"

"Bari tatu. Turbo ikisukuma, inapita ine."

"Na kabureta?"

"Haifike hata nusu."

Mzee aliirudia hesabu hiyo kwa midomo bila sauti.

"Mbona haukuniambia?"

"Minye ni nani wa kukufundisha weye?"

Chini mtoni Spès alikuwa ameacha kusugua. Irankunda alikaa kwenye benchi la gereji, akaandika PV mpya, akaisoma kwa sauti: kwamba Bonaventure anafuta jibu lake la kwanza, kwamba nati iliguswa na mtu mwingine, na jina la mtu huyo. Alimfungua pingu ya mkono wa kulia, akampa kalamu. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Bonaventure aliishika kalamu bila kuandika.

"Tia," Nzeyimana alisema. "Unangoja nini? Kazi ni yangu."

Alitia sahihi. Mzee naye akatia yake. Irankunda aliifungua pingu ya pili na kuifunga kwenye mikono ya mzee, ambaye aliinyoosha mwenyewe.

"Uko huru," Irankunda alimwambia kijana. "Nenda nyumbani, upite huku chini, usifike langoni kwetu."

"Na yeye atapita wapi?"

Mlango wa nyuma ulitumika mara moja asubuhi, na mji una macho. Ndugu wale wangekuwa wameshagawana milango. Bonaventure aliokota kofia ya mzee chini, akaipiga vumbi, akamvalisha. Kisha akasimama upande wake wa kushoto, ule ambao ukifika polisi unaelekea ukuta waliokaa ndugu wa Kizito, na wote watatu wakaanza kutembea.