Kifurushi cha Mama Jesca

Flaviana, jirani yetu wa Chamazi, anapokea wageni na barua katika karakana moja ya samani pale Keko. Jumanne ile ilianza vizuri tu: chai, vitumbua, mashine za randa zikiunguruma uani. Saa nne alitoka kidogo kwenda msalani, na aliporudi alikuta kifurushi juu ya meza yake.

Hakuna aliyemwona aliyekileta. Hakikuwa na jina la mtumaji wala muhuri wa posta, karatasi ilikuwa na doa la mafuta, na kamba ya katani ilizungushwa kupita kiasi. Zilikuwa dalili zilezile za kifurushi cha hatari alizofundishwa na mtu wa usalama aliyeletwa na bosi wao, Husseinali, mwaka jana. Juu kiliandikwa: Mama Jesca, yaani yeye. Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa mumewe Venance, mchonga vinyago, waliyemzika miezi mitatu nyuma.

Kabla hajasema neno, Mzee Revelian, fundi mkuu, akakinyanyua na kukinusa. Mafundi ndivyo walivyo. Chochote kikiwafika mkononi lazima kipite puani wajue ni mti gani.

"Mpingo," alinong'ona. "Umechongwa leo."

Flaviana akamwomba akiweke chini taratibu. Akamtoa nje, akazima feni, akafunga mlango wa mapokezi kwa ufunguo, wakanawa mikono kwa sabuni, akapiga simu polisi. Alifanya yote kama alivyofundishwa, huku neno mpingo likimrudia kichwani. Ndani ya jeneza la Venance alikuwa ameweka, kwa mkono wake mwenyewe, chanuo la mpingo ambalo marehemu alikuwa akimchongea binti yao na hakuwahi kulimaliza.

Wakangoja uani. Mashine zilizimwa. Ndipo mlango ukagongwa, kutoka ndani. Taratibu. Mara tatu.

"Mama Jesca. Nifungulie."

Sauti ilikuwa ya Venance. Ufunguo ulikuwa kiganjani. Mungu ndiye anajua alivyotamani kufungua, amwone uso tu, japo mara moja. Revelian akatikisa kichwa. Flaviana hakufungua. Alilia kimya mpaka kugonga kukakoma.

Polisi walikuta kamba imefunguliwa vizuri na karatasi haina kitu ndani. Waliandika kwamba utaratibu umefuatwa na hakuna aliyeumia. Sijui wenzetu hao maumivu huwa wanayapima kwa kipimo gani. Flaviana alitia saini.

Alifika nyumbani jua bado lipo. Jesca, wa miaka sita, alikuwa amekaa mlangoni, nywele zimechanwa na kugawanywa vizuri katikati. Asubuhi alimwacha timutimu.

"Nani kakuchana, mwanangu?"

"Baba. Kasema kakugongea sana, umekataa kumfungulia."

Flaviana akachota maji. Alimwinamisha mtoto kwenye beseni akamwosha kichwa, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, machozi yake yakidondokea humohumo. Maji yalizidi kutoka meusi. Alipoyamwaga, chini ya beseni lilibaki jino moja la chanuo la mpingo.

Lilikuwa bado na joto.