Hina Isiyotoka

— Rehema, hii ni hina gani yenye haitoke tangu Idi?

Shangazi Munira alikuwa ameuweka mguu wa kushoto wa Rehema juu ya goti lake, bakuli la hina mkononi. Zilibaki siku tatu ndoa ifungwe.

— Si hina, shangazi. Ni ugonjwa.

Miezi minane Rehema alikuwa akiipaka hina ile alama nyeusi ya kisiginoni, na kila aliyeuliza alijibiwa "ya Idi". Wiki iliyopita majibu ya kipimo yalifika: melanoma, saratani ya ngozi, tena ya aina adimu inayoshika nyayo.

— Yasini anajua?

— Apana. Mi nilitaka tuoane kwanza.

— We unataka kuolewa ao unataka kupona?

Munira hakuwa mtu wa kupindisha maneno. Rehema alilia, kisha akachukua simu akaandika: "Yasini, tuache ndoa. Usiniulize sababu."

Yasini, fundi wa injini za boti, alifika mbio na mikono ya oili. Siku za hina mchumba haruhusiwi kumwona bibi arusi, basi akasimama nje ya pazia la chumba.

— Rehema, ni mwanaume gani? Mutaje!

— Hakuna mwanaume.

— Sasa nini?

Rehema akautoa mguu chini ya pazia, unyayo juu, ile alama nyeusi wazi bila hina. Akamwambia ni saratani, na Yasini akachuchumaa kuutazama. Rehema aliona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

— Munganga wa hospitali anasema nini? Sauti ya Yasini ilikuwa imeshuka.

— Niende Dar es Salaam. Batanitia dawa ya mshipa kwa serumu, mara tatu. Kisha njo bakate.

— Juu ya nini basikate leo?

— Ile dawa inaamsha baaskari ba mwili. Inafaa bamujue adui angali humu ndani, hata akikatwa bawinde mabaki yake. Yasini, nitarudi na kisigino nusu. We utaoa kilema?

— Miguu yako yote mizima, na hata kucheza hujui! Hicho kisigino kitakosekana wapi?

Rehema akacheka na machozi yake. Munira naye akajifuta kwa ncha ya kitenge.

— Ndoa ifungwe leo, Yasini akasema. Kesho boti iko inavuka ziwa kwenda Kigoma. Tunapanda wote.

— Na hina? Munira akauliza.

— Hina itangoja.

Walioana jioni ile, wakasafiri; huko Dar es Salaam dawa haikuwa mchezo. Rehema aliwashwa mwili, akachoka hata kuinua kikombe, na Yasini akamlisha uji kijiko kwa kijiko. Baada ya serumu ya tatu, madaktari walikata. Siku kumi zilizofuata zilikuwa ndefu. Kisha daktari akaingia na karatasi.

— Katika nyama tuliyotoa, hatukuona seli hata moja ya saratani iliyo hai. Tutaendelea kukupima, lakini leo furahini.

Waliporudi kwao, mjini Baraka, watu waliwapokea kwa vigelegele. Munira aliikoroga hina upya, akaanza kulifunika lile kovu.

— Apana, shangazi. Hapo uache.

Ngoma ilipolia, Rehema akasimama kwa fimbo, akacheza vibaya vilevile kama zamani. Yasini alicheka mpaka akalia.