Macho ya Rangi

Duka la kuchapisha lilikuwa limefurika siku hiyo. Wenye kadi za harusi wanasukumana na wenye fomu za shule, mashine zinanguruma, wino unanuka mpaka nje. Katikati ya vurugu hiyo mwanamke mmoja mwenye gauni jepesi la kijani alikuwa amepanda juu ya stuli, amekunjua bango refu, anamfokea mwenye duka.

"Haya, wewe mwenye macho mazima, nisomee hapa. Nisomee!"

Mwenye duka akakodoa. Maandishi yalikuwa membamba kama nyuzi, rangi ya majivu juu ya rangi ya maziwa.

"Si uliyapenda mwenyewe kwenye kompyuta, Katibu?"

Kweli alikuwa katibu, na jina hilo lilikuwa limemganda hata kwao. Yeye na majirani zake walikuwa na kikundi cha kuazimisha viti vya magurudumu na magongo kwa yeyote mwenye shida, na kuvitengeneza vikiharibika.

"Yanenepeshe hayo maandishi," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Na yaachane na hiyo rangi ya nyuma. Hapo yamekumbatiana kama wachumba."

Watu wakaangua kicheko. Katibu akageuka. Kijana mrefu, shati jeupe, suruali nyeusi, viatu vyeusi.

"Na wewe ni nani? Mhudumu wa hoteli?"

"Mchora nembo. Natengeneza na tovuti. Wenzangu wananiita Rangi."

"Rangi! Na nguo hizo?"

"Ndiyo utani wao wenyewe, dada."

Katibu alishuka kwenye stuli akiwa na namba ya simu ya Rangi.

Alimpa kazi ya nembo na tovuti ya kikundi, na tangu hapo kila Jumamosi Rangi alikuwa ofisini kwao, chumba kidogo nyuma ya karakana, kinachonuka grisi na mpira. Hakukimbilia kuchora. Wiki mbili nzima aliuliza maswali tu. Kisha akachora gurudumu la kijani lililoachwa wazi upande mmoja, kama mlango usiofungwa, na Katibu akaipenda hiyo nembo kuliko alivyotaka ijulikane.

Tovuti ndiyo iliyomtoa jasho. Opereta, dada asiyeona aliyepokea simu zote za kikundi, aliifungua kwenye simu yake inayosoma kwa sauti. Simu ikasema, "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe."

"Kitufe cha nini?" akauliza Opereta. "Kaka, umenijengea milango minne halafu hukuniambia upi ni wa choo."

Mzee Fundi naye, mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa na vidole vya kushika spana, alijaribu kuomba magongo akajikuta amefuta kila alichoandika. "Vitufe vyako ni vya kidole cha mtoto mchanga," akasema. Rangi hakubisha. Aliandika yote kwenye daftari, akaenda nyumbani, Jumamosi iliyofuata akarudi na vitufe vinene vyenye majina. Katibu alikuwa amefanya kazi na wataalamu wengi, lakini hakuwa amewahi kumwona anayekosolewa akashukuru.

Simu za jioni zilianza kwa habari za nembo zikaishia kwingine.

"Mbona umenyamaza?"

"Nakusikiliza unavyopumua."

"Muongo wewe. Unachezea kompyuta."

"Basi naifunga. Lile gauni lako, Katibu, linavyoanguka kutoka kiunoni, lilinipotezea hesabu."

"Lipi? La kijani au jekundu?"

"Lile la leo," akajibu upesi, na Katibu akacheka, akalala na tabasamu.

Jumamosi moja Katibu alimpelekea chai uani. Rangi alikuwa amempa mgongo, anaongea na simu kwa sauti ya kubembeleza.

"Kipenzi changu, bila wewe mimi sioni kitu. Wewe ndiye macho yangu, unajua. Leo nakuja kwako, usitoke."

Katibu akaweka kikombe juu ya ukuta, akarudi ndani kimya kimya. Alijiona mjinga.

Jioni hakupokea simu. Kesho yake alipokea mara moja tu.

"Katibu, nimekosa nini?"

"Tuzungumze kazi, ndugu."

Hilo "ndugu" lilimchoma Rangi kuliko tusi.

Wiki iliyofuata mwenye duka alileta mfano wa kipeperushi chao. Siku zote Rangi alikuwa anauchukua mfano kwenda nao nyumbani kabla ya kukubali. Safari hii Katibu akamsogezea kalamu.

"Tia saini hapa hapa. Sina muda."

"Nipe mpaka kesho tu."

"Ya nini? Huna macho?"

Rangi aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Akatia saini.

Vipeperushi elfu mbili vilipofika, Fundi alichukua kimoja, akakisogeza puani. "Gurudumu letu si lilikuwa la kijani? Hili ni la kahawia. Mmewatangazia watu viti vyenye kutu!"

Katibu alihisi damu inampanda. "Wewe uliangalia kwa macho gani?"

Rangi akakaa juu ya kiti cha magurudumu kilichokuwa kinasubiri breki.

"Kwa haya haya," akasema. "Kijani na kahawia kwangu ni kitu kimoja. Nyekundu pia. Nilizaliwa hivyo. Kwenye kompyuta natumia namba za rangi, na vya kuchapisha dada yangu ananiangalizia. Kazi yangu ya kwanza walinifukuza walipogundua. Nikaapa sitamwambia mtu tena. Nani atampa kazi mchora nembo asiyeona rangi?"

"Sisi," akasema Opereta. "Miezi mitatu umekaa na sisi, ukatuficha hilo? Sisi wa hapa?" Akaanza kucheka, na cheko lake likamwambukiza kila mtu.

Fundi alivua miwani. "Kumbe ndiyo maana maandishi yako nayaona. Wewe huangalii rangi, unaangalia giza na mwanga, kama mimi."

Katibu peke yake ndiye hakucheka.

"Dada yako," akasema taratibu. "Ndiye unayemwita kipenzi?"

"Tangu tukiwa wadogo. Kwa nini?"

Alitoka uani. Rangi akamfuata.

"Nilikusikia," Katibu akasema bila kumtazama. "Nikadhani una mtu. Ile saini nilikulazimisha kwa wivu, Rangi. Kosa ni langu."

"Na mimi ningesema kweli, usingepata cha kuwaza. Nilikuogopa wewe kuliko wote."

"Mimi? Kwa nini?"

"Wengine wangeninyima kazi tu."

Ndipo Katibu alipomtazama.

Vipeperushi vile walivikata vikawa karatasi za Fundi za kuandikia vipimo. Vipya vilitoka kijani kibichi. Katibu mwenyewe ndiye aliyevikagua. Tovuti ilifunguliwa Jumatatu, na kufikia Jumatano ombi la kwanza lilikuwa limeingia. Mwalimu mstaafu mwenye macho dhaifu alikuwa amejaza fomu mwenyewe, bila kusaidiwa, akimwombea mkewe kiti.

Walikipeleka wawili, wakikisukuma kwa zamu kwenye jua la asubuhi. Mbele ya mlango wa mwalimu Rangi akafunga breki.

"Jumapili nataka kuja kwenu kumwona mama."

"Kumwona mama, au kuniona mimi?"

"Wewe nakuona kila siku. Nataka nimwombe ruhusa ya kuendelea."

Katibu alijaribu kutafuta neno la kumtania nalo, akalikosa. Akamshika mkono. "Njoo," akasema. "Na uje na dada yako. Nina radhi ya kumwomba."

Walisahau kugonga. Mlango ukafunguliwa, mwalimu akachungulia, akawasogelea mpaka akaiona mikono yao ilivyoshikana.

"Mama!" akamwita mkewe ndani. "Sikia haya. Tumeomba kiti, wametuletea na maharusi."