Hodi Langoni

Harub alikuwa amesimama juu ya lango la ngome, kwenye tundu ambalo zamani walimwagia maadui asali ya tende inayochemka, akiwasimulia watalii jinsi ngome hii ya ukingoni mwa jangwa ilivyozingirwa siku tano, mara sauti ikasema chini yake: "Hodi."

"Karibu, karibu, pita ndani," akajibu kwa bashasha.

Watalii wakainama wachungulie. Langoni hapakuwa na mtu. Wakacheka, na Harub, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, aliyezunguka nchi ishirini na kuaibika katika kila moja, akacheka kuwashinda. Mtoto wa Unguja mbishie hodi hata kaburini, ataitika.

Lakini huku Ibra, mji wa Waarabu, nani anabisha hodi kwa Kiswahili?

Aliporudi nyumbani mabomba yalikuwa makavu.

"Jirani wote wana maji," alisema mkewe, Ghaniya. "Sisi tu."

Ngomeni kuna vibao vitano, kimoja kwa kila siku ya kuzingirwa, na Harub anavijua kwa moyo. Siku ya kwanza: falaji, mfereji wa maji ya mji, ilikatwa. Siku ya pili: tende zilioza. Asubuhi Ghaniya akafunua ndoo ya tende, imejaa funza. Siku ya tatu mbuzi walikufa, na Harub na mkewe wakamkuta mbuzi wao zizini, ulimi nje. Siku ya nne kuta ziligongwa, na ukuta wa chumbani kwao ukagongwa kutwa, polepole, kwa upande wa nje. Harub akampigia simu shangazi yake wa Nizwa, Bi Rumaitha, anayesomea watu dua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Harub akamsimulia yote, ile hodi na vibao. "Huyo alitoa salamu kabla ya hodi?"

"Hakutoa."

"Nawe ukamkaribisha."

"Ulimi tu, shangazi."

"Kibao cha tano kinasemaje?"

Harub akanong'ona. "Mlinda lango alitoka kutafuta maji. Aliporudi, hawakumfungulia."

"Basi kesho usitoke. Usimwache mkeo peke yake, hata kwa hatua moja."

Siku ya tano, adhuhuri, simu ilikuwa imekufa, maji waliyopewa na majirani yalikuwa yamekauka ndooni, chupa za maji alizonunua zilikuwa tupu na vizibo vyake havijaguswa, na Ghaniya amelala sakafuni, midomo imepasuka, hata jina la mumewe halimtoki, ndipo gari la maji likapiga honi nje ya geti, hatua kumi tu, na Harub akamtazama mkewe, akatazama geti, akachukua ndoo akakimbia, akafika njiani, akakuta jua na vumbi na njia nyeupe isiyo na gari wala alama ya tairi, na nyuma yake komeo likasukumwa taratibu kwa ndani.

Harufu ya asali ya tende inayochemka ikapita juu ya ukuta.

"Hodi," akasema. "Ghaniya, nifungulie. Ni mimi, Harub."

Ndani maji yalikuwa yakimiminika. Mwanamume akacheka, kicheko kile kile Harub alichowashinda nacho watalii ngomeni. Kisha ikaja sauti ya Ghaniya, laini, sauti ya mtu aliyekwisha kunywa.

"Harub yumo ndani."