Dereva Agombea Kiti

Kila siku ya shule, Lois alisimama nje ya duka la mikate mtaani Batha, jijini Riyadh, akisubiri basi. Kufikia saa hizo baba yake, Reuben, alikuwa ameshafika Al-Sulay kuchukua lori la saruji kwenye maghala. Mama yake, Damaris, ambaye alikuwa muuguzi, alimfungia chapati mbili na kumkumbusha ajaze chupa ya maji hadi mdomoni. Kiyoyozi cha basi la shule kilikuwa kimeharibika tangu mwezi wa tatu. Sasa ulikuwa mwezi wa tano wa mwaka 2015, na viti vilichoma mapaja kama kikaango.

Jumatatu moja, mtoto wa darasa la pili alizirai ndani ya basi. Alizinduka alipomwagiwa maji. Jioni Lois aliwasimulia wazazi wake yote.

Reuben aliweka kikombe chake chini. "Kuna nafasi moja ya mzazi kwenye bodi ya shule," alisema. "Uchaguzi ni Jumamosi. Nitagombea."

"Wewe, Baba?" Lois aliruka juu. "Kwenye bodi?"

"Kwani mimi si mzazi?"

Usiku ule Lois hakupata usingizi kwa furaha. Kesho yake alinunua karatasi kubwa na kalamu za rangi, akaanza kutengeneza mabango. Shuleni, rafiki yake Jerioth alimwonyesha bango la mgombea mwingine, Bwana Dominic. Lilichapishwa vizuri, na chini ya picha yake paliandikwa: Mhandisi.

"Baba yako tutamwandika ni nani?" Jerioth aliuliza. "Watu wa bodi ni mainjinia na madaktari."

Lois alisita. Kisha akaandika kwa herufi kubwa nyekundu: REUBEN, MENEJA WA USAFIRISHAJI. Alijiambia kwamba si uongo mkubwa. Baba husafirisha vitu, sivyo? Mabango sita yakabandikwa shuleni siku hiyohiyo. Nyumbani hakusema neno.

Jumamosi ilipofika, ukumbi wa shule ulijaa. Wazazi walisalimiana kwa sauti, watoto walikimbizana kati ya viti, na sanduku la kura lilikuwa mezani limefungwa kwa utepe wa kijani. Hapo ndipo Lois alipomsikia mama yake Jerioth akiwaambia wenzake, "Mimi nampa Reuben. Ni meneja wa kampuni ya magari. Akiingia, atatuletea mabasi ya kampuni yake, bure kabisa!"

"Basi hata mimi kura yangu ni yake," mwingine akadakia.

Lois alipenya katikati ya watu mpaka alipomfikia baba yake, aliyekuwa akinyoosha kola ya shati lake jeupe.

"Baba, nimekosa," alinong'ona. "Kwenye mabango niliandika wewe ni meneja. Sasa watu wanangoja mabasi ya bure."

Reuben aliiacha kola. "Kwa nini, Lois?"

"Niliogopa watakucheka."

"Mimi nilikuja moja kwa moja kutoka kazini, sijayaona hayo mabango," alisema polepole. Hakupandisha sauti, na hilo lilimuumiza Lois zaidi. "Maneno uliyaandika wewe. Utayasahihisha wewe. Yalla, twende."

Jina la Reuben lilipoitwa, wawili hao walipanda jukwaani pamoja. Lois alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Shikamooni wazazi. Mimi ndiye niliyeandika mabango. Baba yangu si meneja. Ni dereva wa lori. Yeye hakujua. Naombeni mnisamehe."

Minong'ono ikaenea ukumbini. Mama Jerioth akasema kwa sauti, "Ah! Halas, basi mimi nampa mhandisi."

Reuben alitoa kitambulisho chake cha ukaazi mfukoni, akakiinua. "Hata ikama yangu imeandikwa dereva," alisema. "Mabasi ya bure sina. Lakini kabla ya kuingia humu nimelizunguka basi la watoto wetu hapo uani. Matairi mawili ya nyuma yamekwisha. Mlango wa dharura haufunguki. Kiyoyozi kinahitaji mkanda mpya, na fundi anaweza kuufunga kwa siku moja. Mkinichagua, nitalikagua basi hilo kila wiki kwa mikono yangu."

Kisha mtu mmoja nyuma akapiga makofi, wakafuata wengine, hadi viti vikatikisika.

Kura zilihesabiwa hadharani, mwalimu mkuu akichora mistari ubaoni. Dominic aliongoza. Reuben akamfikia. Dominic akampita tena. Lois alimbana mama yake mkono kwa nguvu hata Damaris akalia, "Utanivunja vidole!" Karatasi ya mwisho ilipofunguliwa, Reuben alikuwa na kura sitini na mbili, na Dominic hamsini na tisa. Lois alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Bwana Dominic alikuja mwenyewe kumpa Reuben mkono.

"Hongera, ndugu," alisema. "Huo mlango wa dharura mimi sikuwahi kuujaribu."

Kabla ya wiki mbili kwisha, bodi ilimlazimisha mwenye basi kulitengeneza. Siku lilipopita mtaani likiwa na matairi mapya na vioo vimefungwa kwa sababu ya ubaridi wa ndani, watoto walishangilia kana kwamba wanakwenda harusini.

Jioni hiyo Reuben alimkalisha binti yake kando yake.

"Mwanangu, ukimpa mtu cheo asichokuwa nacho, unamtwika mzigo ambao hawezi kuubeba. Wale waliotaka mabasi ya bure wangenidai kila siku, nami ningewajibu nini? Kazi ya halali haina aibu. Ukweli ulitupotezea kura ya Mama Jerioth, lakini zile sitini na mbili nilipewa mimi, Reuben dereva. Kwa hizo naweza kutembea nikiwaangalia watu usoni."