Pipa la Mama Vikapu

Mbwa wa Mama Vikapu aliitwa Meneja. Hakujua kusuka hata kikapu kimoja, lakini kazi yote aliisimamia yeye. Mteja akifika, Meneja alitoka mbio hadi langoni kumpokea.

Kisha ukaja wakati akawa analala tu karakanani. Akijaribu kukimbia, alikohoa na kuhema. Mama Vikapu alikosa raha. Wifi yake, jirani wa ukuta mmoja, alimtania kwamba Meneja amestaafu bila kuaga. Lakini ni yeye huyo aliyemwita daktari wa mifugo.

Daktari alichukua damu, akaipima. Akawaeleza kwamba Meneja ana minyoo ya moyo, na minyoo hiyo huenezwa na mbu. Mbu akimnyonya mbwa mgonjwa, huondoka na vijiminyoo. Vikishakua ndani ya mbu huyo kwa kama wiki mbili hivi, humwingia mbwa mwingine atakayeumwa naye.

Mama Vikapu akauliza mbu hao wanatoka wapi. Wifi yake alilitazama pipa la kulowekea fito za kusukia. Maji yake yalikuwa meusi kama kahawa. Hayakuwa yamemwagwa kwa miezi, maana Mama Vikapu aliamini maji makuukuu hulainisha fito upesi.

Daktari alichota glasi moja. Viluwiluwi wanene wa mbu walikuwa wakijinyonganyonga humo.

“Maji haya yamejaa chakula, mabaki ya fito zako,” alisema. “Kiluwiluwi akishiba, anaweza kuwa mbu mwenye nguvu, mwenye maisha marefu. Minyoo inamtaka mbu wa hivyo. Mbu akifa mapema, nayo inakufa kabla haijawa tayari.”

“Kumbe wifi yangu unafuga mbu,” jirani akasema.

“Tena wameshiba kuliko mimi,” Mama Vikapu akajibu.

Akamtazama Meneja. Kisha akalipindua pipa mwenyewe, maji yakanywewa na ardhi kavu.

Tangu siku hiyo hulisugua pipa na kubadilisha maji kila wiki, halafu hulifunika kwa kifuniko kinachobana. Fito huchelewa kulainika kwa siku moja tu, na vikapu havinuki tena. Meneja alitibiwa kwa miezi kadhaa, akikatazwa kukimbia, hadi akapona. Siku hizi hupewa kidonge cha kinga kila mwezi.

Juzi mteja alibisha hodi. Kabla Mama Vikapu hajainuka, Meneja alikuwa ameshafika langoni, kifuniko kipya cha kikapu kikiwa mdomoni.

Kifuniko hicho kilitafunwa chote. Mama Vikapu alisuka kingine, huku akiimba.