Kinanda Kilichokataa Kuzimika

Taa ndogo nyekundu ya kinanda ilikuwa inawaka, na plagi yake ilikuwa mkononi mwa Kusnadi.

Aliitazama plagi, akaitazama taa, akacheka peke yake. Kusnadi alikuwa fundi wa redio na vinanda, akifanyia kazi sebuleni kwake katika mtaa mmoja wa Surabaya, kando ya mto Kalimas. Alijua kwamba kapasita huhifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi. Akaziondolea umeme moja moja, akapima kwa mita. Hakukuwa na kitu. Taa ikaendelea kuwaka, na spika ikatoa mvumo mwembamba kama wa nyuki aliyefungiwa chupani.

"Siti!" alimwita mkewe, Warsiti. "Njoo uone kichekesho."

Warsiti alitoka jikoni, vidole vikinuka kitunguu saumu. Alisimama mlangoni, asiingie.

"Mas," alimwita kwa neno la heshima la Kijava, "hicho kidude kinanuka."

"Kinanuka vumbi. Ni cha zamani hicho, kina umri mkubwa kuliko mimi."

"Vumbi halinuki maua ya makaburini."

Kinanda kilikuwa cha Bu Rukmini, yaani Mama Rukmini, mwimbaji wa dangdut, muziki wa dansi wa huko, mjane wa Sukarji aliyekuwa akikipiga kwenye harusi. Kilikuwa kizito kama mlango wa msikiti, kimejaa vitufe na swichi, na milio yake ilikuwa haipatikani tena kwenye vinanda vya siku hizi. Bu Rukmini alikileta kwa becak, baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, akasema kasoro iko kwenye sehemu inayopokea umeme, akaondoka bila hata kugusa chai. Hakuuliza kitakuwa tayari lini.

Kusnadi alifungua kifuniko cha nyuma, akapima transfoma. Waya wa ndani, upande wa kuingizia umeme, ulikuwa umekatika. Umeme haukuwa na njia ya kupita. Lakini alipopima upande wa kutolea, mshale wa mita uliruka.

Hapo hakucheka. Alichukua koleo, akakata nyaya za transfoma ili aweke nyingine.

Taa ilizimika. Papo hapo kitu kikaanguka chumba cha nyuma, puu.

Ratri, binti yao wa pekee, alikuwa chini kando ya daftari zake za shule, macho wazi, midomo ya buluu. Hakuwa akipumua.

"Umefanya nini?" Warsiti alipiga kelele, akimtikisa mtoto. "Mas, ulichofanya huko, kirudishe! Kirudishe!"

Kusnadi hakujua kwa nini alitii. Alikimbia sebuleni, akasokota nyaya zilizokatwa kwa vidole vitupu. Taa ikawaka. Chumbani, Ratri akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo.

Akapumua, lakini hakuamka. Walimkimbiza hospitali kwa pikipiki ya jirani. Kadiri walivyokwenda mbali na nyumba ndivyo pumzi zilivyopungua, na walipofika langoni zikakoma kabisa. Warsiti akapiga ngumi mgongo wa jirani: "Geuza! Geuza!" Waliporudi karibu na kinanda, kifua cha mtoto kikaanza tena kupanda na kushuka. Ila nyayo zake zilikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu, na kesho yake baridi ilikuwa imefika magotini.

Kusnadi alikwenda kwa Bu Rukmini. Alimkuta uani akikaanga ndizi, na mwanawe mdogo, Panji, akicheza gololi kando yake, mzima wa afya.

"Bu, binti yangu anakufa."

Rukmini hakuuliza anakufa na nini. Aliepua kikaango, akamtuma Panji ndani.

"Nisamehe, Mas."

"Sikuja kusamehe. Sema."

"Mume wangu alichoka kuzomewa kila umeme ukikatika jukwaani. Akaenda kwenye chemchemi moja huko milimani, akaomba mlio usiokatika. Alipewa na jini. Kijiji kizima kikiwa giza, yeye anapiga tu, watu wanacheza. Hakuniambia jini lile linakula nini. Alipokufa, likamgeukia Panji. Miguu ikaanza kuwa baridi, ila pumzi lilikuwa halijazishika." Alijifuta uso kwa upande wa sarungi. "Niliambiwa jini humhama mtu likafuata nyumba ya atakayekifungua kinanda na kuigusa transfoma."

"Ukaniletea mimi."

"Nina mtoto mmoja, Mas."

"Na mimi nina wangapi?"

Rukmini aliinama, akaokota gololi ya Panji.

Alasiri ile, mvua ikimwagika, Kusnadi alimleta Nyai Solikah, mwanamke mzee aliyefundisha Kurani watoto wa mtaa, na ambaye watu walimwita panapokuwa na kitu kisichosemeka. Nyai alisimama kando ya kinanda, akavuta harufu, akakunja uso.

"Jini halikai kwenye chuma bure. Kuna kitu kimelifunga. Kiko wapi?"

"Nadhani ndani ya transfoma, chini ya waya."

"Basi fumua."

"Nyai, nikiikata tu, mtoto haachi kupumua?"

Mzee alimgeukia Warsiti. "Mapafu yako mazima, mwanangu?"

"Mazima."

"Basi atapumua kwa ya kwako."

Wakamlaza Ratri mkekani. Warsiti akaziba pua ya bintiye, akaweka mdomo juu ya mdomo wake. Kusnadi akakata, akabandua vyuma vya transfoma, akaanza kufumua waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mzunguko juu ya mzunguko, Nyai akisoma Ayatul Kursi kwa sauti ya chini, mvua ikipiga bati, na harufu ya maua ikizidi hadi ikawa harufu ya udongo mbichi uliochimbwa, na hapo, ndani ya spika isiyounganishwa na kitu chochote, mtoto akaanza kulia.

"Baba, unaniumiza."

Mikono ya Kusnadi ikasimama.

"Baba, acha. Aliyelala hapo si mimi. Mimi niko humu. Ukimaliza waya, nimekwisha."

Ilikuwa sauti ya Ratri, na kile kigugumizi chake kidogo alichokuwa nacho akiogopa.

"Nyai," alinong'ona, "ni yeye?"

Mzee alikatisha kisomo. Macho yake yalijaa machozi. "Sijui, mwanangu."

Warsiti akainua kichwa, mate na damu vikimtiririka midomoni. "Niliyemzaa ana mwili! Fumua!"

Kusnadi akafumua. Alifumua huku yeye mwenyewe akilia kwa sauti, sauti ya spika ikimwita Baba, Baba, ikimkumbusha siku aliyomfundisha baiskeli, ikimwahidi kutokuwa mtukutu tena, shaba ikimkata vidole, sakafu ikijaa nyuzi nyekundu, mpaka akafika kwenye kiini, akakuta kipande cha sanda kimefungwa kwa nywele za mtu. Nyai alikinyakua, akakimwagia mafuta ya taa, akakiwasha. Spika ilitoa yowe moja lisilo la mtoto, ikapasuka.

Ratri akakohoa. Akatapika maji meusi, akashika kanga ya mama yake, akaanza kulia njaa.

Walikuwa bado wamekumbatiana wote watatu sakafuni mlango uliposukumwa. Alikuwa Bu Rukmini, peku, ameloa, Panji akining'inia mikononi mwake, midomo ya buluu.

"Kifungue tena, Mas. Kwa ajili ya Mungu, kifungue tena."

Kusnadi alimwonyesha shaba iliyotapakaa na jivu. "Hakuna cha kufungua, Bu."

"Tumelifukuza," alisema Nyai Solikah polepole. "Hatukuliua. Limerudi lilikotoka."

Rukmini alipiga magoti. Warsiti alimtazama mwanamke aliyeleta mauti nyumbani kwake akayaacha na kuondoka bila kunywa chai. Midomo yake mwenyewe ilikuwa imepasuka. Alimkabidhi Ratri kwa baba yake.

"Mlaze hapa," alimwambia Rukmini.

Akaziba pua ya Panji, akavuta pumzi, akainama. Adhana ya magharibi iliadhiniwa, ikaisha. Rukmini aliuliza, "Anapumua?" Akauliza tena. Warsiti aliinuka kuvuta hewa tu, kisha akainama tena.